Umeshiba, Umejifuta Mdomo, Umeondoka

Msomi mwenzangu, tangu siku uliyorudisha joho la kukodi na kuondoka na cheti ndani ya bahasha ya kaki, chuo chako umekipa nini?

Sikuulizi umekisifu mara ngapi. Kusifu tunakuweza sana. Ukikaa na watu dakika tano, wote wameshajua kwamba wewe ni wa Mlimani, au wa SUA, au wa Mzumbe. Fulana ya chuo unayo. Picha ya mahafali imetundikwa sebuleni, juu ya televisheni. Nauliza umekipa nini. Kitabu? Kiti? Saa moja ya kuzungumza na vijana wa mwaka wa kwanza? Shilingi elfu kumi?

Usigeuke nyuma. Nakuuliza wewe.

Na usikimbilie kunijibu kwamba hilo ni la wenye nazo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Waliokusomesha wewe walikuwa nazo?

Mimi ni mtu wa Uchindile. Kama hupajui, panda treni ya TAZARA pale Ifakara, pita Mngeta, pita Chita, pita Mlimba, kisha sikiliza treni inavyoanza kuhema ikipanda mlima, ikitoka handaki hili na kuingia lile. Bonde la Kilombero likishakuishia, mpunga ukapotea na misindano ikaanza kukuzunguka kila upande, funga shuka lako vizuri. Umekaribia kwetu.

Mtoto wa kutoka huku akifika chuo kikuu, asikudanganye mtu kwamba amefika kwa akili zake peke yake.

Kumbuka sekondari za kata zilivyojengwa katika ile miaka ya 2006 na kuendelea. Nani alisomba mawe? Nani alichota mchanga mtoni? Nani alipanga tofali tanuruni? Akina mama ambao ubao waliuona siku ya kumpeleka mtoto kuandikishwa, ndio waliobeba ndoo za maji kichwani ili saruji ikorogwe. Katika vijiji vingi nchini, kaya iliyochelewa kutoa mchango wa madarasa ilikamatiwa kuku na mtendaji. Kuku wa maskini ameingia kwenye elimu yako, ndugu yangu, na hukumla wewe.

Halafu mtazame yule mama wa stesheni. Treni ikifika usiku, anatoka mbio na beseni kichwani na tochi mkononi, anapita dirisha kwa dirisha, anauza ndizi. Abiria anavuta shingo, anapunguza bei, anapokea ndizi, anaanza kutafuta chenji polepole. Treni inaanza kusogea. Mama anakimbia nayo, mkono juu, akidai hela yake. Siku nyingine anaipata, siku nyingine treni inaondoka nayo.

Kesho yake mama huyo ananunua sabuni, na ndani ya bei ya sabuni ile kuna VAT ya asilimia 18. Kodi yake inakwenda Hazina, na kutoka Hazina inakwenda kulipa mshahara wa mhadhiri aliyekufundisha. Mama huyo hajawahi kuliona geti la chuo kikuu, lakini amekilipia. Amekulipia wewe.

Wewe umemlipa nini?

Mwalimu Nyerere alilisema hili mapema kabisa, nchi ikiwa bado mbichi. Aliwafananisha wasomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Mtu huyo akila, akashiba, akaenda zake asirudi, Mwalimu alimwita msaliti.

Msaliti. Neno hilo ni la Baba wa Taifa, usinikasirikie mimi.

Na hakuwa akipiga porojo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua milango Oktoba 25, 1961, hakikuwa na jengo lake. Kilianza na wanafunzi wachache wa sheria, ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Chama cha watu walionunua kadi kwa senti za pamba na mpunga kilitoa nyumba yake wasomi wakae. Kabla msomi wa kwanza hajaandika mstari wa kwanza, alikuwa ameshapewa. Ndivyo chuo kikuu cha nchi hii kilivyozaliwa: kwa kutoa kwa watu ambao wenyewe wasingesoma humo.

Sasa sikiliza kilichofuata. Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo hicho hicho waliandamana hadi Ikulu, wengine wamevaa majoho. Walikuwa wanapinga mpango wa kuwataka wahitimu walitumikie taifa kwa miaka miwili kupitia JKT, sehemu kubwa ya muda huo wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Yalikuwapo hata mabango ya kudai kwamba ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawaka. Alisema mishahara ni mikubwa mno, na wa kwake ni mkubwa mno, akaukata kwa asilimia 20 palepale. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao.

Unaweza kusema adhabu ile ilikuwa kali. Sitabishana nawe. Lakini vijana wale walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: walisema. Walikwenda mchana kweupe, na bango mkononi, wakatamka kwamba hawataki kurudisha. Sisi je? Sisi tumegoma kimya kimya. Mgomo wetu hauna bango, hauna maandamano, hauna msemaji. Tumepokea cheti, tumepiga picha, tumepotea. Na mgomo huu hauna wa kutufukuza.

Najua unachotaka kusema. Nimeshakisikia kwenye daladala, kwenye msiba, kwenye kikao cha wanakijiji tuishio mjini. Unataka kusema: "Mimi nakatwa na Bodi."

Haya. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Leo makato ni asilimia 15 ya mshahara. Yanauma, nani hajui? Ile asilimia 6 ya kila mwaka iliyokuwa ikilivimbisha deni, Rais Samia aliifuta mwaka 2021, na ilistahili kufutwa. Lakini deni ni deni. Ulikopa, unarudisha. Pesa hiyo inarudi Bodi ili akopeshwe mwingine. Hainunui hadubini ya maabara uliyoitumia. Haizibi paa la bweni linalovuja. Kumaliza mkopo ni kutoka kwenye hasi na kufika sifuri, na mtu aliyefika sifuri hajatoa kitu.

Na kuna mnaosema: "Mimi nilijilipia ada yangu." Ulilipia muhula, mzee. Ardhi ulilipia? Miti unayokumbuka kivuli chake ulipanda wewe? Kitabu ulichokikuta maktaba kimejaa alama za kalamu za waliokutangulia, ulikinunua wewe?

Halafu kuna wazee wetu. Shikamooni, wazee wangu. Baada ya shikamoo nina neno.

Ninyi mliosoma kabla uchangiaji wa gharama haujaingia miaka ya 1990, ndio mnaonichoma moyo zaidi. Ada bure. Kitanda bure. Chakula bure. Nauli ya kwenda na kurudi kwa waranti ya serikali. Na juu ya hayo yote, hela ya mfukoni. Hamdaiwi na Bodi hata senti. Mmekuwa makatibu wakuu, majaji, wakurugenzi, mabalozi. Mmestaafu na viinua mgongo vyenu. Mnakaa barazani mkilalamika kwamba elimu ya siku hizi imeshuka, vijana hawajui kuandika hata barua.

Imeshuka mikononi mwa nani, wazee wangu? Mlipokuwa na kalamu ya kusaini, mlisaini nini kwa ajili ya chuo kilichowapa kalamu hiyo?

Kuna msemo wa wahenga, msiuchukulie vibaya: asante ya punda ni mateke.

Sasa tuje kwenye hasara, maana tunadhani kutotoa hakuna bei. Bei ipo, na tunailipa kila siku.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimemtoa Rais Museveni wa Uganda. Kimemtoa Rais mstaafu Kikwete, ambaye amekuwa Mkuu wa Chuo hicho tangu 2016. Kimemtoa hayati Rais Magufuli. Mawaziri, wabunge na majaji wake huwamalizi kuhesabu. Maktaba mpya ya chuo hicho, ile kubwa iliyozinduliwa Novemba 2018, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa mara moja, imejengwa kwa fedha za nani? Za wahitimu hao?

Za China. Dola milioni 40 hivi.

Wachina walitujengea reli kati ya 1970 na 1975, na sisi wa Uchindile tunaipanda mpaka leo. Wakati ule nchi ilikuwa changa, haikuwa aibu kushikwa mkono. Lakini mwaka 2018 chuo kilikuwa na umri wa miaka 57! Mtu wa miaka 57 mwenye watoto kila wizara bado anajengewa chumba cha kusomea na jirani. Haikuumi?

Njoo nyumbani, Ifakara. Maabara iliyokuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ilianzishwa na Waswisi miaka ya 1950. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ina jasho la wamisionari wa Kikapuchini na masista kutoka huko huko Uswisi. Utafiti wa malaria na vyandarua uliofanyika kwenye vijiji vyetu vya Kilombero umesomwa dunia nzima. Siwasemi vibaya Waswisi. Nawashukuru, na wazazi wetu waliwashukuru kabla yangu. Nawasema watu wa hapa. Mswisi aliyezaliwa kwenye theluji alijua kwamba Ifakara inahitaji maabara na hospitali. Wewe uliyezaliwa Kiberege, ukaumwa na mbu wa Kiberege, unasubiri nani akwambie?

Na mtoaji ndiye mwenye maswali. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na hapa ndipo tulipolala usingizi wa pono.

Kwetu Uchindile milima imefunikwa na misindano na mikaratusi ya kampuni iliyoanzia Norwe, Green Resources. Hata hewa ya ukaa inayovutwa na miti ile imekuwa bidhaa ya kuuzwa nje. Miti ile imefanya nini kwa maji ya kijiji? Kwa mashamba ya mahindi? Kwa ajira za vijana? Hayo ni maswali ya chuo kikuu, na tuna chuo kikuu cha kilimo na misitu, SUA, kwenye mkoa huu huu wetu wa Morogoro. Watafiti wa nje wameyauliza, wakaandika kwa lugha yao, wakasomana wao kwa wao. Kijana wa SUA mwenye swali lake mwenyewe, lililotoka kwenye kisima cha bibi yake, atapata wapi nauli ya kuja kulipima? Atafanya utafiti unaolipiwa. Anayelipa yuko mbali, na kisima cha bibi hakijui.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kisu hatuna, na kila mwaka tunashangaa mbona tunabakishiwa mifupa.

Tena mtoaji wa mbali akichoka, anachoka bila kukuaga. Januari 20, 2025, Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Ilipofika Julai 1, shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, halikuwepo tena. Miradi ya afya na utafiti ikatikisika Afrika nzima kwa saini ya mtu mmoja ambaye hajui Kilombero iko wapi. Wahenga walituonya: nguo ya kuazima haisitiri matako. Imevuliwa, na sisi tumesimama sokoni.

Usiniambie hatuna utamaduni wa kuchanga. Usithubutu! Sisi? Watanzania? Fungua simu yako sasa hivi. Hesabu magrupu ya michango. Hili la harusi ya mtoto wa bosi. Hili la kicheni pati. Hili la sendofu. Na ujumbe wa mweka hazina wa kamati unausoma kila asubuhi: "Ndugu wajumbe, tunakumbushana ahadi zetu, siku zimebaki chache, ukumbi unadai." Unatoa laki kwa usiku mmoja wa pilau na muziki, kwa bwana harusi ambaye ukikutana naye Kariakoo mwezi ujao humtambui. Laki hiyo inaliwa, inachezwa, inafagiliwa asubuhi pamoja na vizibo vya soda.

Chuo kilichokufanya uonekane mtu wa kupelekewa kadi ya mchango, hakijaona hata elfu tano yako.

Fanya hesabu ndogo, wewe msomi. Wahitimu 5,000. Wachache hao, chuo kimoja kikubwa hakishindwi kuwapata. Kila mmoja atoe shilingi 5,000 kwa mwezi, bei ya chipsi mayai na soda. Kwa mwezi ni milioni 25. Kwa mwaka ni milioni 300. Hiyo ni ada ya watoto wangapi wa akina mama wa stesheni? Ni hadubini ngapi? Ni nauli za vijana wangapi kwenda kuuliza maswali yetu? Haba na haba hujaza kibaba. Tumeufundisha msemo huo kwa watoto wa chekechea, na wenyewe hatuuamini.

"Watakula." Ndiyo, hilo nalo nalijua, na hoja hiyo ina uzito kuliko zote. Sitakwambia umwage hela kwenye shimo usiloliona. Lakini sikiliza kinachofanyika: unasema watakula, unafunga mkono, na hapo umefunga na mdomo pia. Asiyetoa hana haki ya kudai hesabu. Toa, halafu dai. Toa kitu kinachoshikika: viti vya darasa moja, vitabu vya rafu moja, ada ya mwanafunzi mmoja unayemjua jina. Kisha nenda kwenye mkutano wa baraza la wahitimu, simama, uliza viti viko wapi. Mwizi haogopi lawama za baa. Anaogopa mtu aliyelipa na akashika risiti.

Nanyi wakuu wa vyuo, msicheke. Kwenu pia ninafika.

Mnamkumbuka mhitimu lini? Siku ya kulipia joho na siku ya sherehe ya chuo kutimiza miaka. Akirudi kuomba nakala ya matokeo, anapelekwa dirisha hili, anarudishwa dirisha lile, mwisho anaambiwa mhusika ametoka kidogo. Mtu aliyetendewa kama mwombaji getini hawezi kugeuka mfadhili akishavuka barabara. Mnataka michango? Pokeeni watu. Andikeni majina yao. Bandikeni hesabu ukutani kila mwaka: kimeingia hiki, kimefanya hiki, kimebaki hiki. Shilingi kwa shilingi. Mgambo wa kijiji anayekusanya michango ya zahanati anasoma hesabu yake mkutanoni, profesa ashindwe?

Na kama mfuko kweli ni mtupu, maana ajira nazo zimekuwa ndoto, bado una cha kutoa. Una ofisi? Mchukue kijana wa fildi, mfundishe kazi, usimtume chai kutwa nzima. Una shamba? Waruhusu wanafunzi wa kilimo wapime udongo. Una uzoefu? Nenda ukawaambie wa mwaka wa tatu ukweli kuhusu kazi ambao mhadhiri haujui. Hata wewe uliyesoma kwa kubebana, wawili kitanda kimoja cha mtu mmoja, unajua mwenzako alikupa nusu ya godoro lake naye hana kitu. Nani alikwambia hadi uwe tajiri?

Ukilala, hiki ndicho kitakachotokea, na kimeshaanza. Darasa lililokuwa la watu mia litakuwa la watu mia sita, na wa nyuma watasikia mwangwi. Maabara itabaki na jina mlangoni. Mwalimu mzuri ataondoka kufuata mradi wa mgeni. Daktari atakayempokea mama yako saa nane za usiku, baada ya kushushwa kwenye treni kutoka Uchindile hadi Ifakara, atakuwa amejifunza upasuaji kwa kutazama picha. Katika mji huo huo kuna chuo kikuu kishiriki cha afya tangu 2010, kinafundisha madaktari mlangoni petu. Akikosea kukata, utalia. Utailaumu serikali. Hutajilaumu wewe, na vifaa alivyopaswa kujifunzia ulivila kwenye sendofu.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Chuo ulichokipa kisogo ndicho utakachopanga foleni kukiomba nafasi, umeshika mkono wa binti yako. Utaingia darasa lile lile, utakuta kiti kile kile kimevunjika mguu ule ule.

Binti yako yuko kidato cha ngapi sasa?